Jina la Dada Mkubwa

Katika karakana ile ya makochi hakuna aliyeingia na jina lake akatoka nalo. Ungeweza kufika asubuhi na jina zuri ulilopewa na bibi yako, lakini ikifika saa ya chai Dada Mkubwa ameshakutazama mara moja, juu mpaka chini, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukipitishia mkasi, na jioni unarudi kwenu na jina jingine. Hapakuwa na rufaa.

Seremala aliyepotezewa kidole na msumeno wa umeme aliitwa Tisa. Fundi wa kupaka vanishi, ambaye kichwani hakuwa na unywele hata wa dawa, aliitwa Taa. Mwanamke wa kukata vitambaa, mfupi kiasi cha kupanda kibao ili aifikie meza, aliitwa Nusu Mita. Na fundi wa fremu, mtu mrefu, mpole, mwenye kigugumizi, aliitwa Injini. "Huyu ni gari la asubuhi ya baridi," Dada Mkubwa alisema siku ile ya kwanza. "Mpaka lisukumwe ndipo liwake." Watu wakavunjika mbavu. Injini naye alicheka, au tuseme alionyesha meno, na miaka ile hakuna aliyeona tofauti.

Dada Mkubwa mwenyewe alikuwa fundi wa kuvalisha. Fremu ikitoka kwa Injini, mbao zimeunganishwa na kukazwa, yeye huifunga mikanda, huipangia springi, huilazia sponji na kuivika kitambaa, mpaka kitu kilichokuwa kama mifupa kinakuwa mahali pa mtu kupumzisha kiuno. Alizijua fremu za Injini kwa kuzipapasa tu. Pembe zake zote zilikuwa zimepigwa msasa, hata zile za ndani ambazo mteja hatazifikia mpaka kochi lioze, na sababu ilikuwa moja: kitambaa cha Dada Mkubwa kisikwaruzwe. Mafundi wengine hawakuwa na habari hiyo. Walikuwa wamefanya kazi hivyo, yeye na Injini, wakitenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

Kisha mwenye karakana akachoka, akaenda kupumzika nyumbani, na binti yake akashika usukani.

Binti alikuwa na adabu, na alikuwa na mipango. Wiki yake ya kwanza aliwaita wote, wakaketi kwenye makochi yaliyokuwa hayajamaliziwa, akawaambia kwamba amewasikia wanavyoitana na hakupendezwa. Alisema kila mtu ana haki ya kuitwa anavyotaka. Akawaomba, yeyote mwenye jina linalomkera, aliseme hapo hapo, bila woga, na kuanzia siku ile lingekoma.

Tisa akajikuna pua kwa mkono wa vidole vinne. Ndipo Injini akasimama kule nyuma, na urefu wake ule, karibu aguse taa ya dari.

"N-n-naomba," alisema, "m-m-msini... msi-msini..."

"Msininyime chai!" Dada Mkubwa akammalizia.

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika mpaka barabarani. Taa alicheka mpaka akashikilia ubavu. Injini alisimama kidogo, akawatazama, akaketi. Binti akauliza kama kuna mwingine, hakukuwa na mwingine, na kikao kikaishia hapo.

Siku zilizofuata karakana iligeuka jukwaa la vichekesho. Sheria ya binti juu ya majina ilikuwepo, na watu waliifuata kwa namna yao. "Naomba unisogezee nyundo, mheshimiwa mwenye upungufu wa kidole," Taa angemwambia Tisa. "Chukua, ndugu mwenye paji la uso lisilo na mwisho," Tisa angemjibu. Nusu Mita akawa "mama wa kimo cha wastani kwa kuanzia chini." Dada Mkubwa ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa maneno haya yote, na alikuwa anajifurahisha sana, mpaka alipogundua kwamba fremu zinamfikia bila mtu.

Zamani Injini alizileta mwenyewe. Alizibeba begani, akazitua karibu na meza yake, akasimama kidogo kusikia atasema nini. Sasa alikuwa akizikuta mlangoni asubuhi, zimeegemezwa ukutani, zimepigwa msasa vilevile, na mwenyewe hayupo. Akimsalimia, anaitikia kwa kichwa. Akimtania, anajitia hamnazo. Mwisho wa wiki ya pili Taa akamletea habari pamoja na chai: Injini amemwomba binti amhamishie kule karakana ya pili, ile ndogo, ng'ambo ya mji, na binti amekubali. Mwisho wa mwezi anaondoka.

"Kisa?" Dada Mkubwa akauliza.

"Hakusema."

"Kisa utani?"

Taa akapuliza chai yake, ingawa ilikuwa imeshapoa.

Jioni hiyo Dada Mkubwa alifika nyumbani amefura. Nyumbani alikuwa anaishi na binti wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu hajui kutembea, na ambaye sasa alikuwa anasomea uuguzi na kumfundisha mamake mkubwa jinsi ya kula. Walikuwa wanamenya viazi.

"Watu wamekuwa mayai," Dada Mkubwa alisema. "Ukimgusa kidogo, kapasuka. Sisi tulikuzwa na maneno ya kuchoma, na mbona tuko hai? Siku hizi kila neno tusi, kila mzaha kesi. Mtu tumekaa naye miaka yote hiyo, leo anahama kwa sababu ya jina!"

"Ulimuuliza kama ni jina?"

"Nimuulize nini? Hasemi."

"Mama Mkubwa, na wewe wanakuitaje?"

"Dada Mkubwa. Hujui?"

"Hilo ni la mbele yako," msichana alisema, macho kwenye kiazi. "La nyuma yako je?"

Dada Mkubwa akaacha kumenya. Ni ajabu, lakini swali hilo halikuwahi kumpitia. Karakana nzima ina majina, hata paka wa stoo alikuwa anaitwa Meneja, halafu yeye peke yake amebaki msafi? Haiwezekani. Watu wale aliwafundisha kazi hiyo mwenyewe.

Hakuogopa, hamu ya kulijua ilimwasha tu. Kabla ya kulala alisimama mbele ya kioo na kujitazama kama ambavyo angemtazama mtu mgeni wa karakana. Mwanya, ndiyo, lakini mwanya unasifiwa. Nyonga, labda. Mtu angeweza kusema Sponji, na lisingekuwa jina baya. Sauti yake ilikuwa inapita ukuta, kwa hiyo Spika. Akafikiri, akajizungusha, akakata shauri kwamba kama yupo mwenye akili kama zake, angemwita Spika. Akalala akiwa na hamu ya kwenda kazini, kitu ambacho hakikuwa kimemtokea kwa muda mrefu.

Asubuhi alianza na Tisa, kwa kuwa Tisa hajui kuficha.

"Mimi mnaniitaje?"

Tisa akaangusha misumari. "Nani? Wewe? Dada Mkubwa."

"Nikiwa sipo."

"Dada Mkubwa hayupo."

Aliruka kimanga, akainama kuokota misumari mmoja mmoja kana kwamba ni lulu. Dada Mkubwa alimwacha kidogo, kisha akamuuliza jambo lingine lililokuwa limeanza kumkereketa njiani. "Na wewe, Tisa linakuuma?"

"Liniume nini!" Tisa alisimama, uso umemrudia. "Kile kidole kilipoondoka kila mtu alikuwa ananitazama kwa huruma, mpaka nikawa naficha mkono mfukoni. Wewe ukaja ukanihesabu, watu wakacheka, nami nikautoa. Mke wangu ananiita Tisa. Mtoto wetu wa mwisho tunamwita Kumi, kwamba amekamilisha hesabu. Huyu binti wa mzee akinivua Tisa, ataniachia nini?"

Hilo lilimfurahisha, na alitaka kwenda kumpasulia binti maneno hayo moto moto. Lakini hamu ile nyingine ilikuwa haijatulia. Akaenda uani, Taa alikokuwa anapaka vanishi miguu ya meza.

"Taa, nimeshaambiwa," alimdanganya. "Jina langu nimelijua. Nataka tu kujua ni nani anayelisema mpaka leo."

"Hakuna!" Taa aliruka. "Nani kakwambia linasemwa? Lile lilikufa zamani."

Akashtukia alichosema, akafumba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka. Dada Mkubwa alibaki amesimama palepale na harufu ya vanishi. Kwa hiyo lilikuwepo. Liliishi, kisha likafa. Na majina hayafi yenyewe. Yeye alijua kuliko yeyote kwamba jina likishashika, hata mwenye nalo akihama mji litamfuata. Lililokufa basi liliuawa. Na nani?

Akaingia kwa Nusu Mita na kufunga mlango. Nusu Mita alikuwa juu ya kibao chake, mkasi mkononi, kitambaa cha kijani kimetandazwa meza nzima. Hakushangaa. Bila shaka habari zilikuwa zimemtangulia.

"Usiniulize, dada."

"Nimeshakuuliza."

"Ni ya zamani. Ya nini kuichimba?"

"Nataka kujua tu. Mimi si yai."

Nusu Mita akaweka mkasi chini. "Nikwambie kitu kuhusu majina? Wewe ukiniita Nusu Mita, nasikia kama umeniita chai. Mteja akiniita hivyo, nasikia kweli nimepungua. Neno ni lile lile. Sasa hilo lako aliyelitunga hakuwa anakupenda."

"Sema."

"Ni yule dereva wa zamani, aliyekuwa anapeleka makochi kwa wateja. Mwaka ule shemeji, mumeo, alipokuacha, akaenda kuoa kwingine na kupata watoto." Alikuwa anakikunja kitambaa na kukikunjua. "Alikuita Fremu Tupu."

Dada Mkubwa hakuelewa mara moja. Akili yake, kwa mazoea, ilikwenda kwenye mbao. Kisha akaelewa.

"Kwamba sikuzaa."

"Kwamba hukuzaa."

"Na mlicheka."

Nusu Mita angeweza kusema uongo, na hakuna ambaye angemlaumu. "Nilicheka," alisema. "Wote tulicheka. Ilikuwa siku chache tu. Wewe ulikuwa unakuja kazini macho yamevimba, unasema ni vumbi la sponji, na sisi nyuma yako tunasema Fremu Tupu kafika, Fremu Tupu katoka. Kisha Injini akalikataza."

"Injini?"

"Tulikuwa tunakula mchana. Dereva akalisema. Injini akasimama na nyundo, akasema atakayelitamka tena atampasua. Unajua anavyoongea. Ile sentensi ilichukua muda mrefu mpaka tuliokuwa tunacheka tukachoka kucheka, na yeye bado yuko katikati yake. Alipofika mwisho hapakuwa na aliyekuwa na hamu. Hatukulisema tena. Ikawa hata mtu akileta mtoto wake kutembea hapa, tunamwambia mtoto aende akakusalimie kwanza, akuite mama. Hukuona?"

Hakuona. Alikuwa amefikiri watoto wanampenda tu.

Alirudi kwenye meza yake na kuketi. Kitu cha kwanza alichofanya, na hapa mtu asimfikirie vibaya, ni kulipima lile jina kama fundi. Lilikuwa jina zuri. Lilikuwa na akili, limetoka kwenye kazi yenyewe, fupi, linakaa mdomoni. Kama lingekuwa la mtu mwingine angelitunga yeye, na angejisifu wiki nzima. Akalitamka kwa sauti ya chini ili asikie linaingilia wapi. Fremu Tupu. Hakusikia kitu. Akalitamka tena. Safari hii akaiweka chini sindano aliyokuwa ameishika.

Liliuma. Mume alishasahaulika, dereva mwenyewe hajulikani alipo, na bado liliuma kama limesemwa dakika ile. Na miaka yote ambayo yeye alikuwa anatangaza kwamba maneno hayamwingii mtu mwilini, chumba kizima kilikuwa kinakaa mbali na neno moja kwa ajili yake, kwa uangalifu ule ule aliokuwa anaucheka.

Akainuka, akazunguka ukuta.

Chumba cha fremu kilikuwa na vumbi la mbao hewani na redio ndogo iliyozimwa. Injini alikuwa anapanga vifaa vyake katika sanduku: randa, patasi, msumeno mdogo uliofungwa kwa kitambaa. Alimwona, akaendelea kupanga. Dada Mkubwa akaketi kwenye fremu ya kochi la watu watatu iliyokuwa katikati ya chumba. 

"Nimeambiwa kuhusu Fremu Tupu," alisema.

Injini akatua randa. Masikio yalikuwa yamemwiva. "N-n-nani..."

"Nani kaniambia? Nusu Mita. Usimgombeze, nilimlazimisha. Kwa nini ulinikinga wakati mimi nakuita Injini kila siku ya Mungu?"

"K-kwa s-sababu l-lile..."

"Lilikuwa tusi, hili ni utani. Ndiyo. Lakini kama utani ulikuwa unakuuma, mbona hukuniambia? Miaka yote hii! Mimi si mtu wa kuambiwa? Siku moja tu ungekuja ukaniambia..."

"N-nilikuambia."

"Lini?"

Injini aliketi juu ya sanduku lake. Magoti yake yalikuwa karibu na kidevu. "M-mara n-nyingi," alisema. "N-nilikuwa n-naanza. N-nasema, u-u-usini... na w-wewe unamalizia."

 Mara hizo zote zikaanza kumjia Dada Mkubwa, moja baada ya nyingine, na kila moja aliikumbuka kwa sababu kila moja alikuwa ameisimulia kama kichekesho chake bora. Usini... usinisahau kwenye sukari! Usini... usiniachie kazi peke yangu! Usini... usinipende sana, nina mke! Na ile ya juzi kwenye kikao, mbele ya watu wote, pale mtu huyu aliposimama kuwaomba wote kwa mpigo, naye akammalizia kwa chai. Lugha yenyewe ilikuwa imemwekea mtego maskini. Lile neno analolitaka linakaa mwisho, nyuma ya u, nyuma ya si, nyuma ya ni, na kabla hajalifikia yeye alikuwa ameshafika, amelichukua, amelipeleka kwingine, na watu wanacheka. Alikuwa anadhani anamsaidia. Tuseme ukweli, nusu alidhani anamsaidia, na nusu alipenda kicheko.

"Sema sasa," alimwambia.

Injini akamtazama kuona kama anatania.

"Sema. Sitaongea."

Akavuta pumzi. "U-u-u..." Shingo ilimkaza. "U-usi... u-usini..."

Maneno yakaja. Hata sasa, hata hapo, yalimjia kwa wingi mpaka kwenye ncha ya ulimi: usinichoke, usinililie, usinitazame hivyo. Dada Mkubwa akauma ulimi kweli kweli, kwa meno. Nje Taa alikuwa anamwita mtu. Gari lilipita. Injini alifumba macho na kupigana na ile i, ikamshinda, akarudi nyuma, akaanza upya kutoka kwenye u, na yeye akaketi pale mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akaona uso wa mtu huyu anapotafuta neno, kwa sababu kwa kawaida ifikapo hapo yeye huwa amewageukia wanaocheka.

"...i-i-ite Injini," alisema.

"Sawa," alisema Dada Mkubwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakusema ni vumbi. "Nisamehe. Sikuiti tena."

Injini, ambaye basi hakuwa Injini tena, alitikisa kichwa kwamba amesikia. Alionekana mtu aliyetua mzigo na bado anashangaa mikono imekuwa miepesi.  Palikuwa na utulivu mzuri chumbani, na Dada Mkubwa akaona hapo ndipo pa kuuliza.

"Na kuhama je? Si utabaki sasa?"

"N-n-na..."

Nabaki. Lilikuwa limeshakaa mdomoni mwake, zima, tamu, linahitaji kusukumwa tu. Alijua kwamba akilisema yeye, kwa kicheko kidogo, mtu huyu mpole angeonyesha meno, angetoa vifaa kwenye sanduku, na lingekuwa limekwisha.

Akangoja.

"N-na-na... naondoka," alisema fundi wa fremu. "K-kule h-hawanijui. W-wataniuliza n-naitwa nani." Akapumzika, akamalizia bila haraka. "N-nataka k-kuwaambia m-mwenyewe."